Gari la Mzee Urbanus Lilivyogoma

Mzee Urbanus alikutwa amekufa kwenye kiti cha dereva, ndani ya gari lake la kijani, ndani ya uzio wake mwenyewe pale Ujiji. Kichwa kilikuwa kimelalia usukani kama mtu aliyesinzia kanisani. Mkono wa kushoto ulikuwa umekamata kifua. Wa kulia ulikuwa bado kwenye ufunguo, na ilibidi vidole vinyanyuliwe kimoja kimoja.

Alikuwa amevaa koti lake la kaki la reli, safi, limenyooshwa kwa pasi mpaka mikunjo ya mikono imesimama. Chini alikuwa na nguo za kulalia. Mguu mmoja ulikuwa na ndala. Ndala ya pili ilikuwa imebaki kwenye ngazi za baraza, imepinduka.

Inspekta Joanitha aliinama akatazama. Hakukuwa na damu wala alama ya mikono shingoni. Vioo vilikuwa vizima na milango haikuvunjwa.

"Nani alimkuta?" aliuliza.

"Mkamwana wake, afande," alijibu Sajenti Leodgar. "Winfrida, mke wa mtoto wake Telesphory anayefanya kazi Dar. Alikuwa ametoka mwaloni, kule ziwani, kununua dagaa. Mama mwenye nyumba alikuwa misa ya kwanza ya Jumapili. Mzee alibaki peke yake."

Winfrida alikuwa ameketi chini karibu na jiko la nje. Ungo wa dagaa wabichi ulikuwa pembeni yake na inzi wameshauona. Halii. Anatazama tu lile gari, mkono mmoja umeshika pindo la kanga.

Anayelia alikuwa mkwe wake, Mama Marcelina, mke wa marehemu, bado na rozari mkononi. "Yebabawe! Nimemwacha mzima! Nimemwacha anakoroma!"

Mara geti likasukumwa. Vijana wa mtaa waliingia wamemkokota mtu, shati limechanika mpaka kiunoni, mdomo umevimba.

"Afande, muuaji huyu hapa!"

"Jana tu kalichezea gari la Mzee!"

"Na alisema mwenyewe, tulimsikia!"

Alikuwa Bariki, fundi wa magari mwenye gereji mtaa wa pili. Leodgar alimtoa mikononi mwao kwa shida, akamsimamisha ukutani.

"Alisema nini?" Inspekta aliuliza.

Mama Jeremia, jirani anayeuza mawese mkabala na geti, alijipenyeza mbele, chupa ya mawese kwapani. "Alimwambia Mzee hapa hapa, jana, watu wakisikia. Alisema, 'Ningekuwa mwanao ningelizima hili gari lisiwake tena.' Haya, leo limewaka?"

"Ulisema hivyo?" Inspekta alimgeukia fundi.

"Nilisema, afande, ila..."

"Ila nini!" umati ukapokea. "Kasema! Kasema!"

Joanitha alivaa glavu, akaupitisha mkono kwenye usukani, akageuza ufunguo. Stata ikaitika. Injini ikazunguka, nyi-nyi-nyi-nyi-nyi, kwa sauti ya kuchoka kidogo lakini inazunguka. Haikushika. Alijaribu tena. Nyi-nyi-nyi-nyi. Kimya.

"Mnaona?" kijana mmoja alisema. "Mzee alitaka kujikimbiza hospitali. Huyu kamfungia njia."

* * *

Inspekta Joanitha alikuwa Mhaya wa Bukoba, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, aliyehamishiwa Kigoma hivi karibuni. Kesi za wizi wa injini za boti alikuwa ameshazizoea. Hii ilimchanganya tangu mwanzo, kwani hakujua kama ni kesi.

Daktari wa hospitali ya mkoa hakumsaidia.

"Ni moyo," alisema baada ya uchunguzi wa maiti, akivua glavu. "Mshipa uliziba. Hana sumu tumboni, hana jeraha."

"Angefika kwenu angepona?"

"Ningemshughulikia. Wengine wanapona, wengine hawaponi. Siwezi kuapa."

"Kwa hiyo kilichomuua ni moyo au gari?"

Daktari alicheka kidogo bila furaha. "Mimi napasua watu, Inspekta. Magari pasua wewe."

Hapo ndipo fumbo lilipokuwa. Kama gari liliharibika lenyewe, hakuna muuaji, na Bariki ni mtu huru. Kama liliharibiwa kwa makusudi, kuna mtu wa kujibu. Kila kitu kilining'inia kwenye lile gari.

Na muda haukuwepo. Mkuu wa Upelelezi alipiga simu mwenyewe.

"Joanitha, mazishi ni kesho alasiri, mwanawe akishafika kutoka Dar. Vijana wa Ujiji wameapa kwamba wakitoka makaburini wanakwenda kuchoma gereji ya huyo fundi. Na mkewe na watoto wanalala humo humo nyuma. Mshitaki au mwachie, lakini uwe na la kuwaambia watu kabla jeneza halijatoka nyumbani. Umenielewa?"

"Nimeelewa, afande."

Hakuwa ameelewa chochote.

* * *

Bariki alitolewa mahabusu, akakalishwa kwenye kiti cha mbao. Alikuwa ameoshwa uso. Jicho moja lilikuwa limeziba.

"Jana ulifanya nini kwenye gari?"

"Nilibadili plagi, nikamwaga oili. Basi."

"Lilikuwa linawaka?"

"Mara moja tu ukiligusa. Nililijaribu mwenyewe. Mzee naye akaliendesha mpaka kwa kinyozi akarudi nalo."

"Halafu?"

"Halafu sikuligusa tena, afande. Mungu wangu ananiona."

"Kwa nini ulisema utalizima lisiwake?"

Bariki alivuta pumzi. "Hasira. Hiyo bampa ya mbele nimeinyoosha mpaka nimechoka. Mara kagonga kibanda cha chipsi. Mara mbuzi wa watu kule Mwandiga. Mzee haoni, afande."

"Haoni?"

"Anaona mbele kama mtu anayetazama ndani ya moshi. Anapapasa mlango wa gari kwanza ndipo anaufungua. Nikamwambia, Mzee, acha kuendesha, utaua. Akaniita mbwa mwenye spana. Ndipo nikasema lile neno. Kisha akapanda gari kwenda kwa kinyozi, makusudi, anioneshe."

"Kwao wanajua?"

"Nani asiyejua? Mtaa mzima unajua. Ukilisikia linakuja unavuta mtoto wako. Lakini umwambie nani? Mzee yule alivuta treni kutoka Tabora mpaka Kigoma tangu sisi tunanyonya. Mimi nilimwambia, si ndiyo hivi nimekuwa muuaji?"

"Basi niambie wewe fundi. Kwa nini haliwaki?"

Bariki alionekana kusahau hata jicho lake.

"Hilo linanisumbua kuliko kipigo, afande. Plagi mpya. Jana linaenda. Leo halishiki. Sijui. Kweli sijui."

Joanitha alimtazama. Mtu mwongo angekuwa na jibu.

* * *

Turubai la msiba lilikuwa limeshafungwa uani, watu wamejaa kwenye mabenchi, wanawake wanamenya ndizi kwenye mabeseni. Pembeni ya turubai, gari la kijani lilikuwa limefunuliwa boneti kama mgonjwa aliyeachamishwa mdomo.

Aliyeliinamia alikuwa Koplo Castory, fundi wa magari ya polisi, mtu mnene, mwenye kuongea na injini kuliko na watu.

"Tuanze na betri," alisema. Akaunganisha waya kutoka gari la polisi. Stata ikazunguka kwa nguvu mpya. Injini haikushika. "Betri imetoka kwenye kesi."

Akatoa petroli kidogo kwenye tangi, akaitia ndani ya chupa ya maji, akaiinua juani. Safi, haina maji chini wala uchafu. Akainusa kwa raha. "Petroli imetoka kwenye kesi."

Akatazama fyuzi moja moja. Nzima.

Kisha akafungua plagi moja, akaigusisha kwenye chuma cha injini. "Leodgar, piga stata!"

Leodgar alipiga. Wote wakakodolea ncha ya plagi. Cheche haikuruka. Plagi ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo.

"Moto hakuna," alisema Castory. Akainusa plagi, akaigusa kwa kidole. "Na ni kavu. Petroli nayo haifiki kwenye injini."

"Maana yake?"

"Ndiyo hapo, afande. Kimoja kikikosekana, naelewa. Huyu fundi wenu angekata waya, ningeuona. Angeua koili, petroli ingekuja. Angeua pampu, moto ungekuwepo. Vyote viwili vikate kwa pamoja na kila kifaa kizima?" Akajikuna kichwa, akajipaka grisi kwenye nywele. "Nimebadili mpaka koili, nimeweka ya gari letu. Kitu kile kile."

"Na kile kitaa chekundu kinachopepesa hapo kwenye dashibodi?"

"Hiyo ni alamu tu, kuonesha gari halijaibwa. Afande, niseme ukweli? Gari hili si bovu. Limegoma."

Mzee mmoja kwenye benchi alitikisa kichwa. "Linamlilia mwenyewe. Akishazikwa litawaka."

"Acha hizo, mzee," Leodgar alisema, lakini Joanitha alimwona akisogea hatua moja nyuma kutoka kwenye gari.

* * *

Alimhoji Mama Marcelina sebuleni, chini ya picha ya Mzee akiwa kijana amesimama kwenye ngazi ya kichwa cha treni, kofia upande.

"Pole sana, Mama."

"Asante, mwanangu."

"Mzee alikuwa anaona vizuri?"

Mama Marcelina alinyoosha kitenge chake magotini, akanyoosha tena mahali palipokwisha kunyooka. "Mzee alivuta treni usiku na mchana, mvua na jua. Hakuwahi kuangusha behewa."

"Sikukuuliza hilo, Mama."

"Hilo ndilo jibu nililo nalo."

"Aliwahi kuwaambia kuhusu moyo?"

"Aseme yeye anaumwa? Humjui."

Winfrida alikuja akaketi kwenye mkeka. Alikataa kiti, kwani kilikuwa kile cha baba mkwe.

"Ulipotoka kwenda mwaloni, Baba alikuwa wapi?"

"Ndani, kwake."

"Ulimwona?"

"Hapana. Mlango ulikuwa umefungwa."

"Ulisikia gari likipigwa stata?"

Winfrida alitazama mikono yake. "Hapana. Nilikuwa nimeshafika mbali."

"Mtoto wako ulimwacha na nani?"

"Vere nilienda naye." Hapo sauti ilibadilika kidogo, ikawa ya mtu aliyeshika kitu cha kuvunjika. "Simwachi."

Joanitha aliandika, akatoka nje, akaenda moja kwa moja kwa Mama Jeremia kwenye meza yake ya mawese.

"Asubuhi ulikuwa hapa, Mama?"

"Mimi? Jogoo ananikuta hapa."

"Ulilisikia gari?"

"Mbona lililia mpaka nikaona aibu kwa niaba yake! Nyi-nyi-nyi, linapumzika, nyi-nyi-nyi. Nikamwambia Winfrida, leo treni la baba mkwe wako limekosa kuni."

Joanitha alisimama. "Winfrida alikuwa wapi?"

"Si hapo ulipo wewe? Aliniachia hii chupa nimjazie, akitoka mwaloni aichukue. Akamshika mkono Vere wakashuka zao. Kwani vipi?"

"Alisema nini ulipomtania?"

"Hakusema. Alitabasamu tu. Yule si mtu wa maneno."

* * *

"Amedanganya," Joanitha alimwambia Leodgar ndani ya gari la polisi. "Alilisikia. Kwa nini aseme hakulisikia?"

"Hofu ya msiba, afande. Lakini mkamwana mtoe kabisa kwenye hesabu."

"Kwa nini nimtoe?"

"Mimi ni Muha wa Kalinzi, nikueleze. Mkamwana haingii chumbani kwa baba mkwe. Hapokei kitu mkononi mwake. Hata garini Winfrida anakaa kiti cha nyuma kabisa, mtoto ndiye anakaa mbele na babu yake. Ufunguo Mzee alikuwa analala nao, uko mfukoni mwa koti, koti liko msumarini chumbani. Ataufikiaje?"

Joanitha alitoa kielelezo kwenye mfuko wa nailoni, akakigeuzageuza mkononi. Ni ufunguo mmoja mweusi kichwa, umefungwa kwenye pete na kibati cha shaba cha reli. Kile kibati kilikuwa kimesuguliwa na vidole miaka na miaka mpaka namba zake zimebaki kivuli. Kilikuwa laini kama kokoto ya ziwani.

Alipitisha kidole gumba kwenye meno ya ufunguo, juu ya nailoni. Yakamkwaruza.

Akapitisha tena, polepole.

"Leodgar, nipe ufunguo wa gari letu."

Meno ya ule wa polisi yalikuwa yamelika, yamekuwa mviringo kama ya mzee. Na gari lile la polisi lilikuwa changa kuliko la kijani.

"Huu ufunguo haujafanya kazi," alisema. "Kibati ni cha Mzee. Ufunguo ni mpya. Nani anachonga funguo mjini?"

* * *

Erasto mchonga funguo alikuwa na kibanda chake karibu na soko la Kigoma, mashine moja na ubao uliotundikwa funguo kama samaki wa kukausha. Hakuhitaji hata miwani.

"Wangu huu. Ona hapa kwenye shingo, jiwe la mashine yangu lina pengo, linaacha mstari."

"Ulimchongea nani?"

"Mzee wa treni. Siku nyingi kidogo. Alikuja na gari lenyewe, la kijani. Alikuwa anapotezapoteza ufunguo, akataka wa akiba. Mkamwana wake alikuwa kiti cha nyuma, mama mmoja mpole."

"Halafu?"

Erasto alicheka. "Halafu nikatukanwa. Nilimweleza, Mzee, huu utafungua mlango, utazungusha stata, lakini gari halitawaka. Wako wa zamani una chipu humu kichwani, kidude kidogo kama punje ya mchele. Gari likiiona chipu linakubali. Lisipoiona linakata moto na linakata petroli. Chipu mimi sina, mpaka Dar. Mzee akasema mimi ni tapeli, akautupa ufunguo chini ukagonga mguu wangu."

Moto na petroli, vyote kwa pamoja. Joanitha alihisi kichwa chake kikitulia kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Ufunguo ukabaki hapa?"

"Hapana. Yule mama alishuka, akauokota, akaupangusa kwa kanga yake. Akaniomba radhi kwa niaba ya Mzee, kwa sauti ya chini asisikie. Akaondoka nao."

Leodgar alikuwa ameinama. "Lakini afande, chumbani hakuingia. Nakuapia."

"Hakuhitaji kuingia," alisema Joanitha. "Lile koti alilofia lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi. Nani anafua nguo za nyumba ile?"

Leodgar alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea garini.

* * *

Walikuta jeneza limeshafika. Telesphory naye alikuwa amefika, amesimama na suti ya safari iliyojaa mikunjo, watu wanampa mkono mmoja mmoja. Nje ya geti vijana walikuwa wengi kuliko jana, na baadhi walikuwa na madumu ambayo hayakuwa ya maji.

Winfrida alikuwa jikoni nje, anageuza ugali kwenye sufuria kubwa. Inspekta alichuchumaa kando yake kama mwanamke aliyekuja kusaidia.

"Mama Vere," alisema taratibu. "Nipe ufunguo."

Mwiko ulisimama. Moshi ulipita kati yao. Kisha Winfrida akashika pindo la kanga, lile alilokuwa amelishika tangu jana, akafungua fundo kwa meno maana lilikuwa limekazwa sana. Ufunguo wa zamani ukatoka, meno yake yamelika, kichwa kimepauka.

Castory alipanda garini. Aligeuza mara moja tu. Gari likawaka, likanguruma kwa utulivu, na kile kitaa chekundu kikazimika.

Turubai zima lilisimama. "Yesu na Maria!" mtu alisema. Telesphory alitazama gari, akamtazama mkewe aliyekuwa katikati ya askari wawili, mikono ina unga.

"Winfrida?"

Aligeuza uso kuelekea kwenye jeneza.

"Sikilizeni wote!" Inspekta alipaza sauti ili na wa nje ya geti wasikie. "Bariki hakuligusa gari hili. Lilizimwa kwa ufunguo, na ufunguo ulikuwa humu humu nyumbani. Leodgar, piga simu kituoni, wamtoe. Na ninyi wenye madumu, askari wangu watayapokea hapo getini, kila mtu na lake."

Watu walitazama chini. Aliyemchania Bariki shati ndiye alikuwa wa kwanza kulitua dumu lake.

* * *

Waliingia sebuleni, Inspekta, Leodgar, Winfrida, Telesphory na Mama Marcelina. Mlango ukafungwa. Inspekta alimpa Winfrida onyo la kisheria kwamba halazimiki kusema lolote.

"Nitasema," Winfrida alisema. "Nimechoka kunyamaza. Kunyamaza ndiko kumetufikisha hapa."

"Sema."

"Kila asubuhi Baba alikuwa anampeleka Vere shule. Siku moja Vere akarudi, akaniambia, 'Mama, leo tulipofika relini treni lilipiga honi kubwa, Babu akasema ni nani huyu anayepiga honi ovyo, tukavuka.' Afande, treni lilipita nyuma yao. Mtoto anasema upepo wake ulitikisa kioo. Baba aliyevuta treni maisha yake yote hakuliona treni."

Mama Marcelina alifumba macho.

"Nilimpigia simu huyu mume wangu. Nikamwambia, mwambie Baba aache gari. Akasema nini? Mwulize mwenyewe."

Telesphory alisema kwa sauti ndogo, "Nilisema, nianzie wapi kumwambia Baba haoni?"

"Nilimwambia Mama. Mama akasema tumwombee. Mimi mkamwana nitamwambia nini baba mkwe? Hata salamu yake naipokea nimeinama. Nikawa naamka asubuhi namvisha mtoto sare kama namvisha sanda."

Alijifuta uso kwa mkono, unga ukabaki shavuni.

"Juzi yule fundi akasema mbele ya watu kwamba angekuwa mtoto wake angelizima gari. Nikajiambia, ni kweli. Baba aliporudi kwa kinyozi, koti likaletwa nilifue, lina nywele shingoni. Ufunguo alikuwa ameusahau mfukoni. Ule wa kuchonga nilikuwa nao. Nikahamisha kile kibati, kwa kuwa Baba anautambua ufunguo wake kwa kukipapasa. Nikanyoosha koti, nikaupenyeza mfukoni, Mama akalirudisha chumbani."

"Ulikusudia nini?"

"Gari liugue. Gari, siyo yeye! Mafundi wahangaike wee, washindwe. Baba alitukane gari, aseme ni bovu, atembee kwa bodaboda. Asiaibike. Asiambiwe na mtu yeyote kwamba amekwisha."

"Na jana asubuhi?"

Mkono wa Winfrida ulitafuta pindo la kanga, ukalikuta tupu.

"Nilikuwa kwa Mama Jeremia. Nikalisikia linazunguka. Nikajua ni Baba, anataka kutoka. Kuumwa sikujua. Likazunguka, likakataa. Likazunguka tena, likakataa. Nikafurahi, afande. Nilifurahi! Nikasema moyoni, afadhali, mwanangu amepona. Nikamshika mkono nikashuka ziwani, nikachagua dagaa taratibu, sikuwa na haraka yoyote. Na kumbe yeye huku..."



"Na vijana walipomkokota Bariki hapa?"

"Nilitaka kusema. Nikaona mawe mikononi mwao, na Vere amenishika sketi. Mdomo ukakataa."

Inspekta Joanitha alishika kalamu, na kwa kweli hakujua amwite nani mwanamke huyu. Sheria ina maneno yake, kuua bila kukusudia, na mahakama ingeyapima. Kazi yake ilikuwa kuandika. Akavuta fomu ya maelezo.

"Tuanze juu. Jina lako kamili."

Winfrida alitaja.

"Jina la marehemu."

Kimya.

"Jina la marehemu, Mama Vere."

"Siwezi."

"Umekiri yote haya, jina ndilo linakushinda?"

"Kosa langu nitalitaja hata mara mia. Jina la Baba sijawahi kulitamka, na leo sitalitamka."

Leodgar alikohoa. "Afande, ndivyo ilivyo kwetu. Mkamwana kutamka jina la baba mkwe ni kumvunjia heshima."

Joanitha alibaki na kalamu hewani. Telesphory alikuwa ameinamia magoti yake. Ndipo Mama Marcelina alipoinuka, akavuka mkeka, akaketi chini kando ya mkamwana wake, bega kwa bega.

"Andika Urbanus," alisema. "Na chini yake uandike Marcelina. Huyu mtoto alikatazwa kulitamka jina hilo. Mimi nilikuwa nalitamka kila siku, chakulani, kitandani. Ningeweza kumwambia, Urbanus, huoni tena. Sikumwambia."